Zeolaiti ya "Nano": Usilipie Picha ya Fuwele



Kwa miezi kadhaa sasa swali linaloongoza kwenye simu yangu si bei ya mbolea, wala kantangaze. Ni zeolaiti. Mnatumiwa matangazo yenye picha nzuri za fuwele zilizopigwa kwa darubini kali, pembeni maneno "nano", "fuwele zilizoumbwa maabara", "teknolojia ya kisasa", na bei ambayo ni mara kadhaa ya zeolaiti ya kawaida. Mnaniuliza, afisa, ninunue au niache?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Sayansi ya kuumba fuwele za zeolaiti ni ya kweli, na binafsi naiona ni kati ya vitu vizuri kabisa ambavyo kemia imefanya. Lakini ilitengenezwa kwa kazi nyingine, siyo ya kushika mbolea kwenye udongo wako. Kijana anayelipa bei ya juu kwa sababu ya umbo la fuwele anatupa hela. Na kuna sehemu moja ambapo umbo la fuwele linakuhusu kabisa wewe na familia yako, ila hiyo muuzaji hakwambii. Nitaifikia.

Kwanza, hili ni jiwe gani?

Mwaka 1756 Msweden mmoja, Axel Fredrik Cronstedt, alichoma jiwe fulani akaona linatoa povu na mvuke kama linachemka. Akaliita kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya jiwe linalochemka. Yale yalikuwa maji yaliyojificha ndani ya matundu madogo mno ya jiwe.

Zeolaiti imejengwa kwa silikoni, alumini na oksijeni, zikiwa zimepangwa kama nyumba yenye vyumba na korido. Kila mahali alumini inapokaa, jengo linabaki na chaji hasi. Chaji hiyo inavuta vitu vyenye chaji chanya: sodiamu, potasiamu, kalisi, na kwetu sisi muhimu zaidi, amoniamu, ambayo ni moja ya sura za naitrojeni inayolisha mmea. Naitreti yenyewe ina chaji hasi, kwa hiyo zeolaiti haiishiki. Weka hilo kichwani, maana wauzaji wengi wanasema "inashika naitrojeni yote".

Zipo za asili, zilizotokana na majivu ya volkano yaliyokutana na maji kwa muda mrefu sana. Inayotumika zaidi kwenye kilimo inaitwa klinoptilolaiti. Na zipo za kutengenezwa viwandani, ambazo zinaingia kwenye sabuni za unga ili kulainisha maji magumu, na kwenye viwanda vya kusafisha mafuta.

Fuwele inaumbwaje?

Tuanzie na kitu ulichonacho stoo. Ukiyeyusha chumvi ya mezani kwenye maji kisha ukaacha maji yakauke taratibu, chumvi inarudi ikiwa vipande vya mraba, kama dadu. Lakini maji yakiwa na urea ya kutosha, chumvi ileile inaweza kurudi ikiwa na umbo la pande nane, kama piramidi mbili zilizounganishwa kwenye kitako. Mfaransa Romé de l'Isle aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1783, na chanzo chake cha urea kilikuwa mkojo. Chumvi haijabadilika hata kidogo, ni umbo tu. Urea inajishikiza kwenye nyuso fulani za fuwele na kuzichelewesha kukua, na uso unaochelewa ndio unaobaki mpana mwishoni.

Hiyo ndo siri yote. Urea ni kiongezeo cha kikaboni, na fuwele imebadilika sura kwa sababu yake.

Kwenye zeolaiti mambo ni yaleyale, ila mapishi ni makali zaidi. Wanachanganya silika, alumina, magadi makali ya kiwandani na maji mpaka inakuwa kama uji mzito, wanafunga kwenye chombo cha chuma kisichovuja, wanapasha moto, mara nyingi kati ya nyuzi 100 na 200 za selsiasi, kwa saa nyingi au siku kadhaa. Na ndani ya uji huo wanaweza kutia molekuli za kikaboni za aina mbili, zenye kazi mbili tofauti.

Aina ya kwanza ni kalibu. Mwaka 1961 Barrer na Denny walionesha kwamba unaweza kutumia amoniamu za kikaboni kupika zeolaiti. Jengo linajijenga kuizunguka molekuli, kama fundi anavyojenga tao juu ya mbao. Kampuni ya Mobil ikapata hataza ya zeolaiti iitwayo ZSM-5 mwaka 1972 kwa njia hiyo. Kalibu inaamua vyumba vya ndani vitakuwaje. Ila ikishamaliza kazi inabaki imekwama humo humo, kwa hiyo fuwele lazima zichomwe, kwa kawaida kwenye nyuzi kama 550, ili molekuli ziungue na matundu yabaki wazi. Hili usilisahau, tutalihitaji.

Aina ya pili ndo hasa inayotajwa kwenye matangazo mnayotumiwa. Hizi haziingii ndani. Zinabaki nje, zinajibandika kwenye uso mmoja wa fuwele na kuuzuia usikue haraka, kama urea na chumvi. Jeffrey Rimer wa Chuo Kikuu cha Houston, Marekani, ni kati ya waliofanya kazi kubwa hapa kuanzia miaka ya mwanzo ya 2010. Zeolaiti aliyoshughulika nayo, silikalaiti-1, kwa kawaida hukua ikiwa na umbo la jeneza. Kwa kuchagua kiongezeo sahihi, jeneza linaweza kuwa jembamba au nene, refu au fupi. Na mtu huyuhuyu anatafiti mawe ya figo, ambayo nayo ni fuwele. Mgonjwa anayepewa sitreti hospitalini anapewa kizuizi cha namna hiyo: molekuli ya kikaboni inayosaidia fuwele zisikue.

Wakorea walienda mbali zaidi. Mwaka 2009 kundi la Ryong Ryoo wa KAIST lilitumia molekuli yenye kichwa kinachofanya kazi ya kalibu na mkia mrefu wa mafuta unaozuia fuwele isinenepe. Wakapata vipande vya zeolaiti vyenye unene wa nanomita 2 hivi. Unywele wako una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, kwa hiyo piga picha mwenyewe.

Kwa nini wanahangaika hivyo?

Kwa sababu kwenye kiwanda cha mafuta au kemikali, zeolaiti ni kichocheo. Molekuli kubwa kubwa zinaingia kwenye korido zinazokaribia kuwa na upana wao wenyewe, zinabadilishwa, kisha zinatakiwa zitoke haraka. Zikichelewa ndani zinageuka masizi, matundu yanaziba, kichocheo kinakufa. Fuwele nyembamba ina korido fupi. Kitu kinaingia na kutoka haraka, kichocheo kinadumu. Kwa mwenye kiwanda hiyo ni hela nyingi, na kulipia molekuli za gharama za kuumba fuwele ni biashara inayolipa.

Sasa wewe mwenye robo ekari ya nyanya, una tatizo hilo?

Hesabu ya shambani

Huna, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni muda. Amoniamu ni kitu kidogo, na matundu ya klinoptilolaiti yanaipitisha. Fuwele za asili ndani ya jiwe lile lililosagwa tayari ni ndogo sana, hazionekani kwa macho. Mmea wako unakula kwa wiki na miezi. Kupunguza safari ya amoniamu kwa sehemu ya sekunde au hata dakika hakumsaidii mtu yeyote hapa.

Ya pili ni kubwa zaidi. Kiasi cha amoniamu ambacho zeolaiti inaweza kushika kinategemea idadi ya alumini iliyomo. Umbo la fuwele halikiongezi. Ukate mkate vipande vyembamba au vinene, unga uliotumika ni uleule. Zaidi ya hapo, zile silikalaiti za kwenye picha nzuri hazina alumini kabisa au karibu hazina. Yaani ile fuwele maarufu kwa kuumbwa vizuri ndiyo ambayo kwa mbolea yako haifai kitu.

Twende kwenye namba. Klinoptilolaiti nzuri ina uwezo wa kubadilishana chaji, ule unaoandikwa CEC kwenye karatasi ya vipimo vya udongo, wa kama 150 kwa kipimo cha milikuivalenti kwa gramu 100. Ukipiga hesabu, kilo moja ikijaa amoniamu mpaka pomoni inabeba naitrojeni ya gramu 21 hivi. Mfuko wa kilo 25 unabeba nusu kilo na kidogo. Hiyo ni naitrojeni iliyomo kwenye kilo 1 na robo, au pungufu, ya urea.

Rudia kusoma hapo. Mfuko mzima wa kilo 25, ukifanya kazi kwa ukamilifu ambao hauwezekani shambani, kwa mara moja unashika naitrojeni ya urea kilo moja na ushee. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kuishika yote kwa pamoja ungehitaji zaidi ya tani moja ya zeolaiti.

Najua kuna atakayesema, afisa, zeolaiti haishiki mara moja tu, inaachia kisha inashika tena. Ni kweli, na ndiyo maana sisemi haina kazi. Lakini angalia pia udongo wenyewe. Ekari moja kwa kina cha sentimita 20 ina udongo wa kama tani 1,000. Ukitawanya tani nzima ya zeolaiti humo, uwezo wa udongo unapanda kwa takriban 0.15 tu kwa kipimo kilekile, wakati hata udongo wa kichanga uliochoka huwa na 3 au zaidi. Sasa anayekwambia mfuko mmoja kwa ekari ya mahindi utakupunguzia mbolea kwa nusu, muulize hesabu hiyo kaipata wapi. Na mboji iliyooza vizuri ina humasi, na humasi nayo hushika chaji kwa kiwango kinacholingana na zeolaiti au kuzidi, tena inalisha viumbe wa udongoni. Kwa ekari ya wazi, hela ya zeolaiti ipeleke kwenye samadi na mboji. Kwenye hilo sina kigugumizi.

Umbo linapokuhusu kweli

Nilisema kuna sehemu moja. Ni mapafu.

Kuna zeolaiti ya asili inaitwa eraionaiti. Kikemia ni ndugu wa hizi nyingine: silika, alumini, maji, matundu. Tofauti ni kwamba yenyewe mara nyingi hukua kama nyuzi nyembamba, mithili ya sindano. Katika eneo la Cappadocia, Uturuki, vijiji kama Karain na Tuzköy vilijengwa kwa mawe yenye nyuzi hizo. Kuanzia miaka ya 1970 madaktari waliandika idadi ya kutisha ya watu waliokufa kwa mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu, ileile inayoletwa na asbesto. Leo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani linaiweka eraionaiti kwenye kundi la 1, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu bila ubishi. Klinoptilolaiti haimo kwenye kundi hilo.

Hii si habari ya mbali. Wanajiolojia wameripoti eraionaiti katika mashapo ya eneo la Ziwa Magadi kule Kenya, na pia Olduvai hapa kwetu. Sijasema kila jiwe la Bonde la Ufa ni sumu. Nasema kwamba mtu anayechimba "zeolaiti ya kienyeji", anaisaga kwenye mashine na kukuuzia kwenye kiroba bila karatasi ya maabara, hajui amekuuzia fuwele ya umbo gani. Wewe unaimwaga bandani, kuku wanaichakura, vumbi linapanda, na mtoto ndiye anayeokota mayai. Hapo tusifanye mchezo.

Ndiyo maana naudhika kidogo na matangazo haya. Wanazungumzia umbo la fuwele pale ambapo halikuongezei mavuno, na wananyamaza pale ambapo linaweza kukuua.

Maswali manne kabla hujalipa

Moja: ni madini gani, na asilimia ngapi? Jibu liwe na jina, mfano klinoptilolaiti, na kipimo cha eksirei cha madini kinachoonesha pia kwamba hakuna eraionaiti. "Zeolaiti asilia" peke yake si jibu.

Mbili: CEC yake ni ngapi, na sodiamu ni kiasi gani? Chini ya 100 usipoteze muda. Sodiamu ikiwa nyingi na shamba lako tayari lina dalili za magadi, unajiongezea ugonjwa.

Tatu: chembe zina ukubwa gani? Kwa udongo na kitalu, punje za milimita 1 hadi 3 zinatosha na hazina vumbi kubwa. Ikiwa ni unga, barakoa ni lazima, hata kama ni klinoptilolaiti safi.

Nne, na hili ni la wale wa "nano": ilipikwa kwa molekuli gani, na zimechomwa? Kumbuka kalibu inayobaki ndani. Zeolaiti iliyopikwa kwa kalibu ya kikaboni bila kuchomwa ni nyumba ambayo vyumba vyake vimejaa samani mpaka mlangoni. Amoniamu itakaa wapi? Muuzaji akikosa jibu hapa, ujue amechukua picha ya watu mtandaoni akaibandika kwenye mfuko wake. Kijana mmoja wa hoho aliuliza swali hili tu, muuzaji akashusha bei palepale kwa theluthi. Bei inayoshuka kwa swali moja haikuwa bei ya teknolojia.

Wapi mimi naiona ina kazi

Nisionekane mpinzani wa kila kitu. Klinoptilolaiti ya kawaida, yenye karatasi zake, naikubali sehemu ndogo zenye mazao ya thamani. Kwenye trei za miche, mchanganyiko wa kuoteshea ni kidogo, kwa hiyo hata asilimia 5 au 10 ya ujazo inabadilisha kweli uwezo wa kushika mbolea na maji. Kwenye vyungu na mifuko ya nyumba kitalu, ambako kila unapomwagilia mbolea inachuruzika, ni vilevile. Na kwenye banda la kuku, punje zilizochanganywa na maranda hushika amonia na unyevu, halafu matandiko yale ukiyatoa yanakuwa samadi iliyobeba naitrojeni ambayo ingepotea hewani. Mbolea ya hapo umeipata mara mbili, kwenye afya ya kuku na kwenye bustani.

Wako wachache mlioniuliza kama mnaweza kupika zeolaiti wenyewe kwa majivu ya maganda ya mpunga, maana majivu hayo yana silika nyingi. Watafiti wamefanya hivyo na inawezekana. Lakini ni kazi ya magadi makali ya kiwandani, joto, na vyombo visivyovuja, na maganda yakichomwa kwa moto mkali kupita kiasi silika yake yenyewe inageuka fuwele zisizofaa kuvutwa puani. Mwenye ndoto hiyo atafute mkemia na maabara ya chuo, waandike mradi pamoja. Jikoni nyumbani, hapana.

Ombi langu kwenu ni dogo. Wengi mnalima kwa mkopo au kwa hela ya kikundi, na mzee nyumbani anasubiri kuona kama kilimo biashara ni kweli au ni maneno. Msiuziwe mbuzi kwenye gunia kwa sababu gunia lina picha ya darubini. Lete karatasi ya muuzaji wako kwa afisa ugani wa kata yako, au weka namba zake hapo chini kwenye maoni, tupige hesabu pamoja kabla hujalipa. Nami nitajibu, hata kama jibu ni nunua.